Barua kwa mpwa wangu anayechora uvamizi kutoka anga za mbali

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Bibi yako anakusalimu na anauliza utamaliza lini chuo. Hilo utamjibu mwenyewe. Mimi nakuandikia kuhusu rasimu ya katuni yako, na barua naiweka hadharani kwa sababu mko wengi mnaochora uvamizi wa viumbe wa anga na kukwama mahali palepale.

Umekwama kwa sababu maji yamezidi unga. Ukurasa wa kwanza anga imejaa vyombo, ukurasa wa tatu jiji limeshateketea, na kurasa 21 zilizobaki hazina pa kupanda. Msomaji hajapata hata mtu mmoja wa kumwonea uchungu. Kabla hujagusa penseli tena, tafuta toleo la 2 la Fantastic Four, gazeti la katuni la kampuni ya Marvel kuhusu mashujaa wanne. Jalada lina tarehe ya Januari 1962, ingawa lilifika vibandani mwaka 1961 haujaisha. Magazeti ya Marekani ya namna hiyo yaliandikwa tarehe ya mbele ili muuzaji asiyaondoe mapema. Bei senti 10, hadithi ya kurasa 24, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Dunia nzima iko hatarini, na wavamizi walioko kazini ni wanne tu.

Wanne hao ni Waskrull: kijani, masikio ya ncha, kidevu chenye matuta, na uwezo wa kujigeuza kuwa chochote. Kundi lao kubwa linasubiri nje ya dunia. Wamepeleleza na kuona kikwazo ni watu wanne wenye nguvu za ajabu, kwa hiyo hawaanzi kwa kupiga mabomu. Wanaanza kwa kuchafua majina. Mmoja anajifanya Thing, jitu lenye nguvu nyingi, na kuangusha mnara wa mafuta baharini. Mwingine anajifanya Sue Storm, msichana asiyeonekana, na kuiba almasi dukani. Wa tatu anachukua sura ya Reed Richards, mwenye mwili unaovutika kama mpira, anaingia kwenye mtambo wa umeme na kulitia jiji gizani. Wa nne anajifanya Johnny Storm, kijana wa moto, na kuyeyusha sanamu ya marumaru mbele ya watu.

Tazama kazi ambayo kurasa hizo chache zinafanya. Toleo la 1 lilikuwa la Novemba 1961, na gazeti lilitoka kila baada ya miezi miwili. Mtoto aliyeshika toleo la 2 huenda hakuliona la kwanza. Kila uhalifu umechaguliwa ili utumie nguvu moja ya shujaa mmoja, kwa hiyo msomaji mgeni anafundishwa wahusika wote bila mtu kusimama na kujieleza. Wewe umeweka ukurasa mzima wa mzee anayesimulia nani ana nguvu gani. Ufute. Wape wavamizi wako kazi hiyo waifanye kwa mikono yao.

Na kuna ujasiri mwingine ambao ndio hasa nataka uuone. Hili ni toleo la pili tu. Mashujaa hawajapata hata sare. Sare zinaanza toleo la 3. Umma wa ndani ya hadithi haujawazoea, na msomaji naye bado anawapima: wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na Thing wa wakati ule hana yale magamba ya mawe yaliyopangwa ambayo unayajua wewe, ana ngozi ya mabonge kama udongo uliofinyangwa vibaya, na hasira zake zinatisha kweli. Ukimwona anaangusha mnara, unaamini. Waandishi wengi wangesubiri mashujaa wapendwe kwanza ndipo wawasingizie. Hapa wamesingiziwa kabla hawajapendwa, na uvamizi umegeuka kuwa swali la nani atamwamini nani. Swali hilo lina uzito kuliko vyombo vyako 300, na halihitaji kuchora jengo hata moja linaloanguka.

Siri haikai sana. Mara baada ya matukio manne tunawaona Waskrull wakiwa peke yao, wakivua sura za watu na kuzungumzia mpango wao. Katika hadithi ya kujigeuza, ukimficha msomaji mpaka mwisho ataanza kushuku kila kisanduku, hata kile ulichokusudia kiwe cha kweli, na hapo hakuna kitu kitakachomgusa. Mwambie mapema, kisha acha wahusika ndio wasiojua. Katika kurasa 24, ukurasa wa 6 ni mahali pazuri. Kitabu kikifunguliwa ukurasa wa 1 huwa kulia, kwa hiyo kila ukurasa wa namba shufwa unakuja baada ya kufunua. Ukurasa wa 6 upo upande wa kushoto, na mshtuko unasubiri nyuma ya karatasi. Kirby hakuwa na uhuru huo kila mara, maana matangazo yaliingia katikati ya hadithi. Wewe huna matangazo, kwa hiyo huna kisingizio.

Sehemu ya jeshi nitaipita haraka. Mashujaa wamejificha kwenye nyumba ya wawindaji, wanazingirwa, wanajisalimisha, wanafungiwa vyumba maalumu, wanatoroka. Kila mmoja anatoroka kwa njia yake: Sue anatoweka machoni, mlinzi anadhani kaondoka, anafungua mlango, Reed anajipenyeza kwenye kitundu. Ni somo lilelile la nguvu, sasa kwa watu halisi. Inaenda kirahisi mno kwa gereza la kijeshi, lakini kasi inalibeba.

Baada ya hapo ndipo pana utamu. Johnny anakwenda kwenye uzinduzi wa roketi na kujifanya anataka kuuharibu. Waskrull wanamwona, wanadhani ni mwenzao, wanamchukua hadi maficho yao. Yaani Johnny anaigiza Mskrull anayemwigiza Johnny. Baadaye wote wanne wanafanya hivyohivyo: wanawashinda wale wapelelezi, wanaingia kwenye chombo chao kilichofichwa kama tangi la maji juu ya paa, na kupanda hadi chombo kikuu wakiwa na nyuso zao wenyewe, wakidai ni Waskrull waliovaa nyuso hizo. Silaha ya adui imegeuzwa ikamrudia. Halafu fikiria kama mchoraji: sura ni zilezile nne, hakuna mhusika mpya wa kubuni, na bado kila kisanduku kina wasiwasi. Hiyo ni akiba ya kazi ambayo mtu anayechora peke yake usiku anapaswa kuipenda.

Mbele ya kamanda, Reed anatoa picha za majitu na wadudu wakubwa na kusema hao ndio walinzi wa dunia. Moyoni anaomba kamanda asigundue kwamba zimekatwa kwenye Strange Tales na Journey into Mystery. Kamanda anatishika, anaamuru kuondoka, na anamvisha Reed nishani ya ushujaa. Magazeti hayo mawili yalikuwa ya kampuni hiyohiyo, na Kirby ndiye aliyekuwa akichora mengi ya majitu yake. Fin Fang Foom, joka lake, lilitoka Strange Tales toleo la 89, Oktoba 1961. Groot alitangulia mwaka 1960 katika Tales to Astonish toleo la 13, akiwa mvamizi mwenye kiburi na si yule mti wa upole wa siku hizi. Kwa hiyo kisanduku kile ni tangazo la biashara, ni utani, na pia ni jibu lililotoka ndani ya hadithi: wadanganyifu wa sura wameangushwa na picha. Waskrull walitegemea watu waamini wanachokiona, na wao wenyewe wakaanguka hapohapo. Kwenye rasimu yako wavamizi wanashindwa kwa mzinga mkubwa uliotokea ukurasa wa 22. Mzinga huo haujazaliwa na chochote kilichotangulia. Tafuta udhaifu ambao ni upande wa pili wa nguvu ya adui.

Sasa makosa, kwa sababu yapo, na yatakufaa kuliko sifa.

La kwanza ni hesabu. Waskrull walioanza ni wanne. Mwishoni Reed anawapumbaza akili kwa maneno, anawaamuru wajigeuze ng'ombe na kusahau walivyokuwa, na malishoni tunaona ng'ombe watatu. Wasomaji wamelitafuna jambo hilo kwa miaka 60 na zaidi. Linatokea kirahisi pale mchoraji na mwandishi wa maneno wanapofanya kazi kwa zamu na kwa haraka. Dawa yake ni karatasi moja ya mistari: wahusika pembeni, namba za kurasa juu, alama kila anapoonekana, na neno moja la alipo kama haonekani. Ijaze kabla ya wino.

La pili ni huo upumbazaji wenyewe. Uwezo wa Reed wa kuwalaza watu akili haukutayarishwa popote; unaanguka kutoka darini ili kufunga hadithi. Kisanduku kimoja tu kwenye ile nyumba ya wawindaji, akimtuliza Thing kwa macho na sauti, kingetosha. Nauelewa mwisho ule: kanuni za Comics Code, ambazo wachapishaji wa katuni wa Marekani walijiwekea mwaka 1954, zilibana sana ukatili, na muhuri wake uko kwenye jalada, hivyo kuwageuza ng'ombe kulikuwa mwisho safi kuliko kuwaua. Lakini kuelewa si kusamehe. Cha ajabu, kasoro hiyo ikazaa. Ng'ombe wale walirudi katika The Avengers, gazeti jingine la Marvel, wakati wa vita vya Waskrull na Wakree, viumbe wengine wa anga, 1971, na mwaka 1995 katuni ya Skrull Kill Krew ikawafikisha machinjioni na nyama yao kwenye sahani za watu. Soma hiyo ukiwa umeshakula.

Kitu kimoja kidogo ambacho sikihesabu kosa: wakirudi duniani wanapita kwenye mionzi ya anga, Thing anarudi kuwa mtu wa kawaida, Ben Grimm, anafurahi, kisha mwili unarudi mabonge. Kwa mpango wa uvamizi hakina kazi yoyote. Kiondoe, na hadithi inakuwa saa isiyo na mtu ndani. Wewe huna kisanduku cha namna hiyo. Kimoja tu kinatosha, na kiweke baada ya ushindi, si kabla.

Upande wa mikono. Enzi zile michoro ilichorwa takriban mara mbili ya ukubwa wa kuchapwa, ikapunguzwa kwa kamera, na makosa ya mkono yakapungua nayo. Chora kwenye A3, chapa A5: ni nusu kamili kwa upana na urefu. Kurasa 24 za A5 ni karatasi 6 za A4 zilizokunjwa, na jalada karatasi ya saba, nzito zaidi. Kalamu ya milimita 0.3 itabaki 0.15 na fotokopi ya steshenari itaikata vipande, tumia 0.5 kwa ndani na 0.8 kwa mzunguko wa miili. Rangi ya kijani huna, kwa hiyo wavamizi wako watambulike kwa umbo peke yake. Kidevu cha matuta cha Mskrull kinasomeka hata kwenye nakala mbovu, na ndiyo sababu ni mchoro mzuri.

Maneno yaandike kabla ya kutia wino michoro, kama walivyofanya wao, la sivyo viputo vitafunika mikono na macho uliyoyahangaikia. Herufi ziwe na kimo cha milimita 5. Na hapa usiige mpangilio wa Kimarekani wa visanduku vitatu kwa mstari. A3 ikiachwa pambizo ya milimita 20 kila upande, kila kisanduku kinapata kama milimita 81. Neno kama "tusingelikamatwa" lina herufi 16, na kwa kimo hicho litakula kama 65 hadi 70. Kiputo kimekwisha na sentensi haijaanza. Panga viwili kwa mstari, ambapo kila kimoja kina kama milimita 125, na vitatu uviache kwa vitendo visivyo na maneno. Viwili kwa mistari mitatu ni visanduku 6 kwa ukurasa, 144 kwa kitabu chote. Hesabu vyako, nadhani una zaidi ya 200.

Toleo la asili usilifikirie, bei yake si ya mwanafunzi. Mkusanyo wa Marvel Masterworks wa mwaka 1987 una matoleo 1 hadi 10 kwa rangi. Mkusanyo mwingine, Essential Fantastic Four, ni nyeusi na nyeupe, na kwa kazi yako hiyo ndiyo bora, kwa sababu utaona wino ulivyolazwa bila rangi kukudanganya.

Ukimaliza kusoma, nitumie kurasa sita za kwanza zikiwa penseli tupu, pamoja na ile karatasi ya hesabu ya wahusika. Vyombo visizidi kimoja.

Mjomba wako