Mahindi ya mwaka: tuagize sasa

Habari za jioni ndugu zangu. Mavuno mapya yameanza kuingia Kibaigwa, soko la mahindi kule Dodoma, na huu ndio wakati wetu. Mnajua sembe inavyopanda kuanzia Desemba hadi Machi, wakulima wakiwa wamemaliza akiba na ada za shule zikitusubiri. Anayenunua kilo moja moja dukani ndiye anayelipa ghali kuliko wote, na wengi wetu humu ni hao.

Napendekeza kila kaya ichukue gunia la kilo 100, tuagize kwa pamoja na kugawana gharama ya lori. Tutanunua kwa mzani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hatutaki, hata kama inaonekana kutufaidi: inamnyonya mkulima.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni unyevu. Mahindi yanayozidi asilimia 13.5 huota ukungu kwa urahisi, na humo ndimo inamoingia sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo tutapima kabla ya kulipa, na gunia bichi halipandi lori letu, hata liwe rahisi namna gani. Nyumbani tumieni mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Wenye kipato cha siku wanaweza kulipa kidogo kidogo kwa mweka hazina. Nitumieni ujumbe binafsi, hatutamtaja mtu humu. Majina napokea hadi Ijumaa usiku.