Anayetaka darubini ya jua aanze na kichujio

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza katika ukurasa huu kama anunue darubini ndogo ya jua ya kubebeka, au avute subira hadi apate fedha za kubwa.

Mimi ni mpiga picha za harusi. Katika kazi yangu lenzi pana ni neema, nikadhani kwa jua ni vivyo hivyo. Nikanunua darubini ya kipenyo cha milimita 120 pamoja na utando wa kuchuja mwanga, ule unaofunika mdomo wa darubini. Madoa ya jua niliyaona vizuri. Lakini zile ndimi nyekundu zinazonyanyuka ukingoni mwa jua, ambazo ndizo hasa nilizozitamani, sikuona hata moja. Kwa utando huo hazionekani, hata darubini iwe kubwa vipi, maana mwanga mweupe wa jua huzimeza. Ili zijitokeze lazima uzuie rangi zote, upitishe ile moja tu ya haidrojeni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28.

Basi, ndugu yangu, kwanza amua unataka kuona nini. Ukitosheka na madoa, utando unatosha na gharama yake ni ndogo. Ukitaka ndimi, unahitaji darubini yenye etaloni: vioo viwili bapa vilivyokaribiana mno, mwanga ukirudiarudia katikati yake mpaka ibaki rangi moja. Wembamba wa rangi hiyo hupimwa kwa angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita), na hiyo ndiyo namba ya kuisaka katika tangazo kabla hujatazama kipenyo. Karibu na 0.7 utaona ndimi na pia michirizi iliyo usoni mwa jua. Chini ya 0.5 uso hupendeza zaidi, ila picha hufifia na bei hupaa.

Ninayotumia sasa ni ya milimita 40, nayo inakaa ndani ya begi la kamera. Sioni kama nimepungukiwa. Mchana hewa iliyopata moto hutetemeka, na lenzi kubwa huonyesha mtetemo huo huo kwa ukubwa zaidi. Mimi hutoka asubuhi, ardhi haijapata joto, nikaisimamisha juu ya nyasi, mbali na lami na mapaa ya bati. Darubini nyepesi ndiyo iliyonijengea mazoea haya. Ile nzito ilinichosha kuitoa.

Kuhusu picha, usiende na kamera kubwa. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi sura inapojikusanya) wa milimita 400, sura ya jua haifiki hata milimita 4, kwa hiyo kihisi kidogo cha kamera kinaitosha. Chagua kamera ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu kwenye kamera ya rangi ni pikseli moja tu kati ya nne inayopokea nyekundu. Piga video fupi, kisha programu ichague fremu zilizotulia na kuziunganisha ziwe picha moja. Ndimi zipigie video yake, kwa muda mrefu zaidi wa mwanga, kwani ni hafifu kuliko uso. Ukiona mistari ya giza na mwanga kama mawimbi ikikatiza picha, usidhani darubini ni mbovu. Iinamishe kamera kidogo tu, itaondoka. Mimi ilinipotezea wiki mbili.

Sasa nasema kwa uzito. Darubini yangu ya kwanza ilikuja na kioo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Usikitumie kamwe. Hapo ndipo joto lote hukusanyika, kioo hupasuka, na jicho haliponi. Kichujio kikae mbele, au kiwe kile kilichojengwa kiwandani ndani ya darubini ya jua. Kidarubini cha kulengea nacho kifunike.

Ile kubwa nimeibakiza kwa ajili ya madoa, na binti yangu wa miaka tisa ndiye mkaguzi wa utando wake: kila mara kabla hatujatoka huuinua mbele ya taa atafute tundu. Mwezi uliopita alipata moja, dogo kama ncha ya sindano. Tuliutupa siku ile ile, na ile darubini hatukuielekeza juani tena mpaka utando mpya ulipofika.

Msomaji wenu, mpiga picha