Risala yetu kwa Mgeni Rasmi kuhusu kupima maumivu ya watu na mifugo, Mbagala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, Mtendaji, wajumbe, wazazi na majirani wote mliofika, asalam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa mliotuzidi umri shikamooni.

Mgeni Rasmi mama yetu, kwanza asante kwa kuja maana foleni ya barabara ya Kilwa tunaijua, na hujachelewa hata sana (hiyo waliniambia nisiisome ila nimeshaisoma).

Sisi ni kikundi cha majirani tu, kuna manesi, kuna waliosomea mifugo, na kuna ambao hawajasomea chochote ila wana mgonjwa ndani au banda la kuku uani. Kilichotukutanisha ni kwamba nesi na bwana mifugo wa mtaa mmoja walikuwa wanahangaika na swali lile lile, huyu anaumia kiasi gani? Mgonjwa wa nesi kapata kiharusi haongei, ng'ombe wa bwana mifugo ndo kabisa. Wote wanakisia. Na mama unajua mtu akikisia inakuaje, anayepiga kelele anapewa dawa, aliyenyamaza anaandikiwa anaendelea vizuri.

Kumbe maumivu yana vipimo vyake na wala havihitaji umeme. Mtu anayeongea unamuuliza kuanzia 0 mpaka 10, 0 hana maumivu na 10 ni yale mabaya kuliko yote anayoweza kuyafikiria. Kwa wazee wetu namba hizo zinagoma. Kuna mama hapa mtaani anaumwa kansa, ukimuuliza maumivu ni ngapi anakujibu namshukuru Mungu mwanangu. Sasa mwekee ile karatasi ya sura sita, ya kwanza inacheka na ya mwisho inatoa machozi, hasemi kitu, anapeleka kidole taratibu anagusa sura ya tano, na kwa kuwa sura zinahesabiwa 0, 2, 4, 6, 8, 10, hiyo ni 8. Nane! Na kashukuru Mungu. Sura hizo zilitengenezwa Marekani miaka ya 1980 na nesi Donna Wong na mwenzie Connie Baker kwa ajili ya watoto, ila sisi zinatusaidia zaidi kwa bibi zetu.

Asiyeongea kabisa ndo tunamsoma mwili. Mtoto mchanga unaangalia vitu vitano, uso, miguu, anavyotulia au kujinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja unampa 0, 1 au 2, jumla inakuja kwenye 10. Na tusidhani hili lilijulikana zamani, mpaka miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani kwenyewe kuna vichanga walikuwa wanapasuliwa bila dawa ya maumivu ya kutosha kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa, mpaka daktari Anand na wenzake walipoonyesha mwaka 1987 kwamba vichanga waliopewa dawa ya maumivu wakati wa upasuaji waliendelea vizuri kuliko wasiopewa.

Sasa cha kushangaza, paka naye ni vitano hivyo hivyo na ni kumi hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitoa kipimo chao 2019, unatazama masikio, macho, mdomo, masharubu na kichwa. Paka mwenye maumivu hapigi kelele jamani. Anakaa kwenye kona, macho kayafumba nusu, masikio yameachana yanaangalia pembeni, mdomo umekaza, masharubu yamenyooka mbele, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Watoto wanasema amelala mwacheni. Akifika 4 kwenye 10 huyo anahitaji dawa, ila dawa ya bwana mifugo sio panadol ya kwenye droo, tunaomba hili lisikike mpaka kule nyuma, kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua paka kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja ile dawa. Na mbwa msimpe ibuprofeni, inamtoboa tumbo na kumharibu figo.

Tatizo kubwa tunalokutana nalo mama sio kupima, ni kurudia kupima. Mgonjwa kapimwa asubuhi kapata 7, kapewa dawa, basi, hakuna aliyerudi kuuliza. Hiyo 7 imesaidia nini? Sisi fomu yetu ina safu mbili, kabla ya dawa na baada ya saa moja, na safu ya pili ikiwa tupu hatuipokei hata kama ameijaza nesi mkuu. Kuna waliotununia kwa hilo, wanune tu.

Alafu kuna hofu ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa za maumivu tangu 1986, unaanza na za kawaida kama paracetamoli, ikigoma unapanda, maumivu makali ya kansa ni mofini. Hapa Dar tunayo hospitali ya kansa ya Ocean Road, wagonjwa wanapewa mofini ya maji ya kunywa, lakini ikifika nyumbani familia inaificha kabatini kwa sababu wamesikia ukianza mofini ndo unaaga. Wanampa akianza kupiga mayowe tu, wakati ile ya maji inatakiwa kila baada ya saa nne, maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Tukienda nyumbani kazi ya kwanza ni kuwatoa hofu, na ya pili ni kuuliza choo, maana mofini inafunga choo na mgonjwa asipopewa dawa ya kulainisha tangu mwanzo ataikataa mwenyewe.

Upande wa stresi tutasema kidogo. Wataalamu wanapima homoni ya kotisoli kwenye damu, mate au hata kinyesi, kinyesi ni kwa wanyama wa porini maana ukimkamata tu ili umtoe damu kotisoli inapanda ndani ya dakika chache, unakuwa umepima stresi uliyomletea wewe. Hata presha zetu tukifika hospitali na wasiwasi ni hivyo hivyo. Sisi hatuna hela ya kotisoli, tunatumia macho. Kuku wa nyama mwezi wa Januari na joto letu hili, ukimuona anahema mdomo wazi, mabawa kayaachia, chakula hagusi na maji anakunywa tu, usisubiri wafe, ongeza maji ya baridi, fungua pembeni upepo upite, wapunguze kwenye banda. Na ng'ombe wanaoshushwa mnada wa Pugu baada ya safari ndefu kutoka bara, wakipigwa fimbo na kushinda njaa mpaka wanachinjwa, sukari iliyohifadhiwa mwilini inaisha na nyama inatoka nyeusi, kavu, na inaharibika haraka. Kwahiyo hata asiyemuonea huruma ng'ombe aihurumie hela yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, ila ukiwauliza wanaoswaga ng'ombe ni wachache sana wameisikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu sio makubwa. Tunaomba utuchapishie zile karatasi za sura sita kwa plastiki ngumu, za kawaida zinalowa jasho zinachanika. Tunaomba mizani ya kupimia mbwa na mbuzi, maana dozi inaenda kwa kilo na saivi tunakadiria kwa kumbeba. Tunaomba Mwenyekiti aturuhusu kutumia chumba cha ofisi ya mtaa Jumamosi asubuhi tufundishe wanaouguza nyumbani, ufunguo tutaurudisha siku hiyo hiyo. Na ukipata nafasi ya kuongea na wenzako huko halmashauri, waulizie usafiri wa nesi wa kutembelea wagonjwa, saivi tunachangishana nauli ya bajaji.

Mama, kabla ya soda tutakuonyesha mwanakikundi mmoja akimpima paka wa jirani, ameshaletwa yupo kwenye tenga pale, tunaomba watu wasimsogelee kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.