Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wangu, mama zangu na vijana wa bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, nawasalimu.

Masika ya mwaka huu yalitukuta bado hatujaanua vitu vilivyoloa kwa vuli ya El Niño, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja juu yake. Kwenye ukuta wa ofisi yetu kuna mistari ya rangi inayoonyesha maji yalipofikia kila mwaka. Mstari wa Desemba 2011, mvua ile iliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuwafanya wenzetu wengi wahamie Mabwepande, pembezoni mwa jiji, bado ndio wa juu. Wa mwaka huu uko kiganja kimoja chini yake. Hatukuzika mtu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mengine yote ya taarifa hii ni madogo mbele yake.

Sasa nije kwenye mfereji. Tuliulilia kwa miaka, na kipande chake cha zege kilipojengwa tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Mwezi Aprili maji yalipita kwetu mbio. Wiki iliyofuata akaja kikaoni mama mmoja kutoka mtaa wa chini, kanga yake ingali na tope, akasema, "Mmetuletea maji yenu." Hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo nimebadili mawazo: mfereji peke yake unahamisha msiba kutoka mlango huu kwenda mlango wa jirani.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unatukusanya sote njiani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi wamepata paa, na nyua zao zimemwagiwa zege au kutandikwa pevingi. Tone lililokuwa likinywewa na mchanga sasa linateremka bondeni.

Na maji hayohayo tunayoyakimbia Aprili, Novemba tunayanunua kwa dumu. Mnaukumbuka mgao wa maji wa 2022, Mto Ruvu uliposhuka, tulivyoamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Fanyeni hesabu hii nyumbani: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 ikinyesha, linakupa karibu lita 3,000. Kwa hiyo fedha kubwa ya mwaka huu tuliiweka kwenye matenki mawili ya lita 5,000, moja shuleni na jingine zahanati. La shuleni lilijaa kabla Machi haijaisha. La zahanati lilikaa tupu masika nzima kwa sababu tulinunua tenki tukachelewa kununua gata, ile mifereji ya kukinga maji ya bati. Kosa hilo ni la kamati, na naliombea radhi.

Vijana walichora upya ramani ya mitaro yetu kwa simu, kwa mtindo ule wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ulioanza jijini mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakitembea pamoja mtaa kwa mtaa. Wamegundua kalavati zilizoziba kwa magodoro na chupa, na wameandika kila moja ilipo. Wameandika pia jambo ambalo hatupendi kulitaja: wapo kati yetu wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kiende na maji, mvua ikianza. Maji hayo ndiyo wanayochezea watoto wetu. Naomba likome. Asiye na uwezo wa kuita gari la kunyonya aje ofisini kimya kimya, tutachangishana.

Kuhusu mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022: ninauunga mkono, pamoja na daraja jipya la Jangwani na bustani itakayoachia mto nafasi ya kutanuka. Lakini kama huku juu tutaendelea kuziba ardhi, mzigo wote tunawabebesha wa chini. Mpango wa mtaa tulioupeleka ofisi husika haujajibiwa. Tutaufuatilia tena Januari.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini.

Limebaki moja, nalo linahitaji kura zenu. Kiwanja cha nyuma ya soko, ambacho mvua ikinyesha hugeuka bwawa kwa siku mbili kisha kinakauka, kimepata mtu anayetaka kukimwaga zege kiwe maegesho. Kodi anayotaja ni nzuri. Kamati imegawanyika. Mimi napendekeza tukatae, tupande miti pembezoni na tukiache kiendelee kunywa maji. Njooni Jumapili kwenye mkutano mkuu mkiwa mmeshapita pale na kukitazama kwa macho yenu.