Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Chanjo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, mashehe, mapadri na wachungaji, wazee wetu, wavuvi mlioacha ziwa kwa ajili ya siku hii, akina mama na watoto: itifaki ikiwa imezingatiwa, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kufika. Wilaya ni kubwa, majukumu ni mengi, na barabara ya kuja huku umeshaifahamu tangu asubuhi ya leo, kwa hiyo hatutaizungumzia.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2017 chini ya mwembe ule, kikiwa na wanachama 9. Leo tuko 26, na kati yetu 17 tunalipa ada. Hiyo ndiyo historia.

Kuhusu mafanikio, Mheshimiwa, ni mengi mno na muda hautoshi. Tumezifikia kaya zote za vitongoji vyetu vinne. Tumenunua viti vya plastiki 30, na wewe umekalia kimojawapo, kile chenye kitambaa. Tumeanzisha kituo cha kisasa cha kidijitali cha habari za afya, yaani kundi la WhatsApp. Sifa zetu za usafi wa mazingira zimevuka mipaka hadi kata jirani ikatuma ujumbe kuja kujifunza. Ujumbe huo ulikuwa wa watu wawili, lakini walikaa siku nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba radhi kwa kulijia jambo lililotuleta hapa.

Tarehe 28 Julai 2021, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Chanjo ilipofika kwetu, ile ya Janssen ya dozi moja, watu walisitasita. Aliyetuvusha ni mzee wetu mmoja, fundi wa nyavu, aliyesimama mbele ya umati akakunja mkono wa shati, akasema kama ni kufa ameshakula dagaa vya kutosha. Siku ile foleni ilifika hadi mwaloni.

Mwaka 2023 mzee yule alianza kuvimba miguu. Pumzi zikawa zinamkatikia njiani akitoka nyumbani kwenda msikitini, mwendo wa dakika tano. Usiku hakuweza kulala chali, analala ameketi, mgongo kwenye mito. Kituo chetu kilimpa dawa ya kutoa maji, akapata nafuu, akavimba tena. Akaandikiwa rufaa akapimwe moyo. Familia ikiwa bado inachanga nauli, mzee akafariki.

Hapo msibani, chini ya turubai, kijana mmoja alicheza klipu kwenye simu. Mtu mwenye koti jeupe anaeleza kwamba chanjo inatengeneza protini, na protini hiyo inaganda moyoni. Kabla ya jua kuzama, kata nzima ilikuwa imeshajua mzee ameuawa na nini. Wiki iliyofuata, kliniki ya watoto, kina mama waliokuja kwa chanjo ya surua walihesabika kwa vidole. Waliobaki nyumbani walitwambia: mlitupeleka mara moja, hamtupeleki mara mbili.

Mheshimiwa, tulikosa la kujibu. Kwenye semina tuliyopewa mwaka 2021 tulifundishwa sentensi moja: chanjo haina madhara yoyote. Tukaisema nyumba kwa nyumba. Wenye simu wakatuonyesha kwamba Marekani yenyewe ilisimamisha Janssen tarehe 13 Aprili 2021 kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache sana, ikairuhusu tena baada ya siku kumi. Tukaonekana waongo kwa jambo ambalo lingeelezeka kwa dakika mbili.

Ndipo Katibu na wenzake wawili, kwa nauli yao wenyewe, wakamfuata daktari wa moyo katika hospitali ya rufaa. Alichotueleza tunaomba kukisoma hapa, kwa sababu wananchi wako wapo na wana haki ya kukisikia mbele yako.

Ugonjwa wa protini kuganda moyoni upo kweli. Unaitwa amiloidosisi. Ini hutengeneza protini ya kawaida kabisa, transithairetini, inayobeba vitamini A na homoni ya tezi ya shingoni. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, protini hiyo hulegea, hujikunja vibaya, ikawa nyuzinyuzi zinazojishindilia kwenye kuta za moyo mwaka hadi mwaka, mpaka moyo unakakamaa kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Wengine huurithi: miongoni mwa Wamarekani weusi, watu 3 hadi 4 katika kila 100 wana hitilafu ya kurithi inayoweza kuuleta. Jina la amiloidi lilitumiwa na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854, yaani miaka 167 kabla mzee wetu hajakunja mkono wa shati.

Na ile klipu? Daktari alisema mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, waliweka vipande vya protini ya kirusi cha korona kwenye vichupa vya maabara, vikajiunga kuwa nyuzi. Ni vichupani, Mheshimiwa, si mioyoni mwa watu waliochanjwa. Na kirusi chenyewe kina protini hiyo hiyo, kwa hiyo aliyeugua korona ameipata bila kupanga foleni. Kilichothibitika kuhusu moyo ni kingine: chanjo za Pfizer na Moderna zimesababisha kuvimba kwa misuli ya moyo kwa watu wachache, hasa vijana wa kiume, mara nyingi siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi wao hupona. Korona yenyewe nayo huvimbisha moyo. Ama chanjo ya surua, ile ya miezi 9 na miezi 18, haihusiani kabisa na protini hiyo.

Tuliporudi na majibu haya tukapata swali moja tu, kutoka kwa mjane: "Kwa hiyo mume wangu alikuwa na lipi kati ya hayo?"

Tukanyamaza, maana hakupimwa. Tunakumbuka mzee alilalamikia ganzi ya viganja muda mrefu kabla ya 2021, na sote tulisingizia nyavu. Daktari alitwambia ganzi ya namna hiyo inaweza kuutangulia ugonjwa huu kwa miaka. Lakini ganzi si kipimo, na sisi si waganga wa ramli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulimuuliza daktari dalili ya kwanza huonekanaje. Akasema: kwenye ECHO, yaani picha ya moyo ya ultrasound, kuta za moyo zinaonekana nene; hapo ungetegemea mistari ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, iwe mirefu, lakini ukiikuta mifupi, anza kuushuku ugonjwa huo. Vipimo viwili tu, vikisomwa pamoja. Uthibitisho utafanyika huko wanakoweza, lakini mtu atakuwa ameanza safari mapema na sababu ikiwa mkononi.

Sasa, Mheshimiwa, kwa heshima zote. Mashine ya ECG kituo chetu kinayo.

Iliombwa kwa risala kama hii. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi kuileta ndani ya wiki mbili, tukampigia makofi. Mgeni rasmi wa pili alisema mchakato uko hatua za mwisho, tukampigia makofi. Mwaka 2024 ikafika kweli, tukachinja mbuzi. Ikakatiwa utepe. Baada ya utepe, tabibu akafungua boksi akakuta hakuna nyaya za kumfungia mgonjwa wala karatasi za kuchapia. Tukaandika barua. Miezi saba baadaye akaja mgeni mwingine, akaikatia utepe mara ya pili, nyaya zikiwa bado. Pengine ni mashine pekee katika mkoa huu iliyozinduliwa mara mbili na haijapima hata moyo mmoja. Mpaka sasa iko stoo, imefunikwa kitenge, na barua zetu tano zimegongwa mihuri ya kupokelewa.

Tunachoomba ni hiki. Nyaya na karatasi za mashine hiyo. Kifaa cha kupimia moyo cha kuunganisha kwenye ile ultrasound ya wajawazito, kwa kuwa fundi ametuhakikishia inakipokea. Tabibu wetu mmoja apelekwe kujifunza kusoma vipimo hivyo. Na ofisi yako iiandikie Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo wataalamu wake huenda mikoani kwa tiba mkoba, siku moja wafike na huku. Barua hiyo tumeshaiandaa, inasubiri sahihi tu; kalamu anayo Mtendaji.

Dawa ya ugonjwa wenyewe, tafamidisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hatuiombi. Bei yake tumeisikia, na mfuko wa halmashauri tunaujua.

Tunaomba pia ruhusa, hili halina gharama: tuambiwe ukweli wote wa chanjo, faida na madhara machache yaliyopo, nasi tuuseme hivyo hivyo. Na anayesema amedhurika, fomu ya taarifa za madhara ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ijazwe na ifike, isiishie kwenye droo. Mama akiambiwa "madhara haya hutokea kwa nadra, ukiona dalili hii njoo haraka," anakuja. Akiambiwa "hakuna kitu" halafu akaona kitu, hatumwoni tena, wala yeye wala mdogo wake wala jirani yake. Tumeyaona hayo kwa surua, na watoto walioruka chanjo ile tunawajua kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inasema baada ya risala ni chakula. Pilau iko tayari na haitapoa. Tunakuomba kwa unyenyekevu upite kwanza stoo, ni hatua arobaini kutoka hapa, ufunguo anao mjane wa mzee wetu, yule aliyeketi safu ya pili. Tunaomba iwe kabla ya kula, kwa kuwa mgeni aliyepita alituahidi kuiona baada ya kula.

Naomba kuwasilisha.