Mjomba, usirudishe mhuri kwanza

Shikamoo mjomba,

Mama ameniambia kwenye simu kwamba unataka kuachia uenyekiti wa AMCOS, chama chenu cha ushirika wa wakulima, pamoja na kile kipindi chako cha wakulima redioni. Eti wazee wenzako kanisani wananong'ona: mzee wa kanisa gani huyu, kila Jumamosi yuko hewani anasoma bei ya pamba kama dalali! Sikukupigia, maana mpwa habishani na mjomba wake. Nimeona nikuandikie, tena hadharani, kwa kuwa nadhani aliyechoka huko Rorya si wewe peke yako.

Kuna Mmennonite mmoja, Mkristo wa dhehebu kama letu, wa huku Manitoba, Kanada, nataka nikusimulie habari zake. Anaitwa Jacob John Siemens, wenyewe walimwita J.J. (hahusiani na ile kampuni ya mitambo). Alizaliwa mwaka 1896 pande za Altona, mji mdogo ulio kusini ya Winnipeg. Ukiupita kidogo tu umeingia Marekani. Mara ya kwanza kwenda kusali huko nilidhani nitakuta watu kama Wamennonite wa kwetu Shirati. Wapi! Wamisionari waliotufikia sisi mwaka 1934 walitoka Pennsylvania. Hawa wa Altona ni ukoo mwingine: mababu zao walihama kusini mwa Urusi ya wakati ule, ambako leo ni Ukraine, kuanzia mwaka 1874, na vikongwe bado wanaongea Kijerumani chao cha nyumbani, Plautdietsch. Jina la kanisa ni moja, hadithi mbili.

Siemens alikuwa mwalimu. Mwaka 1929 akaacha chaki, akarudi shambani. Hakuna aliyewahi kuchagua mwaka mbaya kuliko huo. Bei ya ngano iliporomoka, madeni yakabaki palepale, na kwa kuwa karibu kila mtu alitegemea ngano, walianguka wote pamoja. Hali hiyo sihitaji kukueleza wewe uliyepeleka pamba ghalani ukarudi na stakabadhi mfukoni, pesa "wiki ijayo".

Mwaka 1931 yeye na wenzake wakaunda Rhineland Agricultural Society, ili wakulima wakae pamoja wajifunze mazao mengine na namna ya kutunza ardhi. Mwaka huohuo ukazaliwa ushirika wa Rhineland Consumers, na hapa ndipo ninapompendea mzee huyu. Hawakuanza na kiwanda. Walianza na petroli na vilainishi, vitu ambavyo kila mwenye trekta alikuwa anavinunua tayari, ila kila mmoja kivyake na kwa bei ya kuumizwa. Mwanachama mmoja, kura moja, uwe na shamba kubwa au kipande. Mtu akishaona faida kwenye pipa la mafuta, siku ukimwambia habari za kiwanda hakucheki.

Kiwanda kilikuja miaka 15 baadaye. Mjomba, wewe ulisema unataka kujaribu alizeti, basi sikia hili. Wamennonite walikuja na mbegu za alizeti kutoka Urusi, wakazipanda bustanini na kuzitafuna jioni barazani kama sisi na karanga. Wanaziita Knackzoat. Zilikuwa za kupitishia muda tu. Vita Kuu ya Pili ilipofanya mafuta ya kula yaadimike, wakulima wa Altona wakachanga hisa, na mwaka 1946 wakafungua kiwanda chao cha kukamua alizeti, cha kwanza Kanada. Mashudu wakawapa ng'ombe. Siku hizi mjini wamesimamisha nakala ya mchoro wa alizeti wa mchoraji Van Gogh, mkubwa kuliko nyumba ya ghorofa, unauona toka mbali kabla ya mji wenyewe.

Na kanisa je? Walimnong'ona vilevile. Habari za kumiliki kwa pamoja ziliwakumbusha wengine ukomunisti, na miongoni mwao walikuwamo waliohamia baadaye, wakiwakimbia Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, na kuacha mashamba na makaburi nyuma, kwa hiyo woga huo haukuwa wa kuchekwa. Wengine waliona ushirika unataka kukalia kiti cha kanisa. Nisamehe mjomba, lakini hilo la pili nadhani lina chembe ya kweli. Ushirika unaweza kummeza mtu. Mama anasema hata matanga ya jirani mwaka huu ulifika jioni, faili kwapani.

Redio ilikuja mwaka 1957, kituo cha CFAM palepale Altona, kazi ya watu wa eneo lile kununua hisa. Baadhi ya makanisa yalikuwa yameiogopa redio kama mlango wa dunia kuingia sebuleni. Ikaingia, lakini ikiwa na nyimbo za kwaya, mahubiri ya Kijerumani, bei za nafaka na mifugo. Bibi aliyeikataa dunia hakuweza kuikataa sauti inayoongea kama yeye. Siemens alifariki mwaka 1963, redio bado changa.

Sasa ombi langu. Usiache vyote viwili kwa siku moja. Kipaza sauti mpe yule binti katibu wenu, anasoma vizuri na hesabu anazijua; wala hakuna atakayemwita mzee wa kanisa aliyegeuka dalali. Mhuri baki nao mpaka msimu wa pamba ufungwe na watu walipwe. Baada ya hapo kama bado moyo haupo, uurudishe mbele ya mkutano mkuu, siyo kimya kimya kwa mwenyekiti wa kijiji.

Desemba nakuja, Mungu akipenda. Nitakuletea Knackzoat kilo moja. Mama anasema jino la mbele limetoka, hivyo nitakumenyea mwenyewe.

Mpwa wako, Winnipeg