Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Siku ya Kufungua Bustani na Maonyesho ya Sanaa

Mzee wa kijiji, kina mama, vijana na ndugu wanachama mliofika, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulibadilishana mbegu za mrenda na kunde mvua za masika zilipoanza, tukapalilia kitalu cha shule, tukaingia msitu wa Kakamega mara moja na watoto. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Maboma manane yalifungua malango. Wageni wazima 112 walilipa shilingi 50 kila mmoja, watoto wakaingia bure. Kazi za sanaa ziliuzwa kwa shilingi 21,500, na chama kilichukua asilimia 10.

Sasa nije kwenye mabati, maana ndiyo yanayosemwa njiani.

Nasikia mwenyekiti amejijengea veranda kwa pesa za chama. Mwaka jana tulikodi hema kwa shilingi 6,000. Huku kwetu Agosti mvua haina hodi: saa tisa ikikaribia, wingu limeshatanda na ngurumo imeanza. Hema lilivuja kwenye mshono. Kijana wetu mmoja alikuwa amechora kwa rangi za maji yule ndege mkubwa wa buluu wa msituni, mwenye kishungi. Maji yaliingia juu ya karatasi, buluu ikateremka yote hadi kwenye fremu. Kijana aliishika picha yake mikononi, hakusema neno. Mimi ndiye niliyemwalika.

Kwa hiyo mwaka huu niliamua picha zitundikwe kwangu, kwa kuwa nyumba ni ya matofali. Veranda ilikuwa fupi, nikairefusha kwa mabati manne. Mabati, mbao na misumari vilikula shilingi 5,400, chini ya hema la siku moja, na risiti ninazo hapa. Fundi hakulipwa kwa sababu hakukuwa na fundi. Nilipanda juu mwenyewe na mwanangu. Kila bati lina jina la chama kwa rangi nyekundu, na siku mtakayoamua yang'olewe nitayang'oa. Wanaosema sikuitisha kikao wanakosea. Niliitisha mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa watu sita, ilhali akidi ni 15.

Mvua ilifika saa tisa na dakika ishirini, na hakuna karatasi iliyolowa. Mama mfinyanzi kutoka Ilesi alikuwa ameleta vyungu alivyovikandamiza majani ya mukombero, ule mmea unaotafunwa mizizi, udongo ukiwa mbichi. Ukipitisha kidole unahisi kila mshipa wa jani. Mgeni kutoka Kisumu alinunua vitatu, kisha akauliza mmea wenyewe ukoje. Tulimpeleka kwa Mama Katibu, akaonyeshwa unavyotambaa juu ya ua. Mukombero unachimbwa msituni mizizi na yote, unazidi kuadimika, na mtu anayeupanda nyumbani anausaidia msitu. Ndiyo sababu nilipigania siku hii tangu mwanzo, wakati wengi walisema hakuna atakayekuja kutazama mboga za watu.

Linaloniuma ni mahudhurio na ada. Tuko wanachama 43. Waliolipa shilingi 500 ni 17, deni ni shilingi 13,000. Siku ya maonyesho niliwahesabu wanachama 19 tu. Wengine walikuwa wameenda kutazama fahali Khayega. Nami napenda fahali, na ngoma ya isukuti ikilia miguu yangu haitulii, lakini fahali hupigana Jumamosi nyingi na malango yetu hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Baadhi ya wanaouliza kuhusu mabati hawajalipa ada miaka miwili. Nawaomba walipe, kisha waulize.

Ada, viingilio na asilimia ya mauzo vilileta shilingi 16,250. Tulitumia 10,450, mabati yakiwemo, pamoja na chai, maandazi, manila na mabango. Zimebaki 5,800. Mweka hazina atasoma zaidi.

Mwaka ujao tunatumaini maboma yataongezeka, na Mungu akijalia tutapata viti vyetu wenyewe. Yule kijana wa rangi za maji hakuleta picha safari hii. Nimeenda kwao mara mbili nikamwonyesha veranda ilivyo kwenye simu. Amesema atafikiria.